Kijiti Chekundu Kwenye Maharagwe Yangu

Jumatano, Karuba. Ukungu haukuondoka tangu asubuhi, na sasa mvua. Afadhali, maana hakuna atakayekuja kuniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu.

Mwezi uliopita wapimaji wa Leta, yaani serikali, walipita hapa na mnyororo wao, wakichomeka vijiti vya mbao kavu vyenye rangi nyekundu na namba. Wanasema chini ya ziwa Kivu kuna gazi inayowaka. Itapandishwa kwa bomba hadi huku milimani, ikakaushe majani ya chai kiwandani. Na jikoni kwetu je? Niliuliza. Mpimaji alicheka, akafunga daftari lake.

Tangu kicheko kile sikuwaamini. Karatasi waliyobandika mlangoni kwa kapita, mkuu wa kijiji chetu, niliisoma mwenyewe mpaka chini, kwa Kifaransa nilichofundishwa na masista. Inasema bomba likipita, hatua kumi kila upande hakuna kulima, hakuna kujenga, hakuna kupanda mti. Shamba langu la maharagwe lina upana wa hatua ishirini na mbili. Nimelipima kwa miguu yangu mara tatu.

Vijiti vilipita upande wa juu wa shamba letu, kwenye malisho ya jirani, Papa Bahati. Nilishukuru Mungu. Nikaona haya, lakini nilishukuru.

Halafu, wiki mbili zilizopita, asubuhi moja nikakuta kijiti katikati ya maharagwe yangu. Chekundu, na namba yake. Kule malishoni palibaki shimo tupu.

Nani mwingine kama si Papa Bahati? Sikumuuliza. Nilianza tu kumchunguza: kwa nini amenisalimia mara mbili siku moja, kwa nini mkewe ameniletea kibuyu cha maziwa bila kuombwa. Maziwa niliyamwaga. Jumapili, watu wakitoka misa, nikamwita mwizi mbele ya kapita.

“Mama Veronika, mimi sikugusa ile kijiti,” alisema. “Mungu iko naona.”

Nikamjibu kwamba hata mimi naona.

Leo nimekwenda kupalilia, nikakuta kijiti kimechipua.

Majani matatu, madogo kama masikio ya panya. Mbao kavu haichipui. Nikakwangua rangi kwa ukucha, chini yake gome bichi la mti wetu wa uzio, ule ukichomekwa tu unashika. Wapimaji hawakuja na mti huo. Na huku kwetu mti uliopandwa ukishika mizizi unakuwa mpaka, hakuna anayeung'oa bila mashahidi. Aliyeuweka alitaka ubaki pale hata Leta ikisahau. Ni mtu wa kilima hiki hiki.

Ndipo nikafikiria rangi. Kijijini kuna kopo moja tu la rangi nyekundu, lililobaki mlango wa kanisa ulipopakwa. Liko chini ya kitanda changu, kwa kuwa aliyepaka mlango ule ni mume wangu.

Nilirudi nyumbani, nikainama kitandani. Nyuma ya kopo kulikuwa na kijiti kikavu chenye namba ile ile.

Nilirudi shambani nikaung'oa ule wenye majani, bila shahidi, maana nao ulipandwa bila shahidi. Nikaupasua, nikapikia maharagwe ya mchana.

“Moshi iko mingi,” mume wangu, Papa Veronika, alisema, akikohoa. “Kuni gani hii?”

“Ni ya ku shamba.”

Alichungulia mafigani, akaona rangi inavyobabuka. Akaweka kijiko chini.

“Kapita alisema mwenye shamba yenye kijiti njo atakuwa mulinzi wa bomba,” alisema baadaye. “Leta itamupa koti na kofia. Nilitaka na sisi tukuwe bantu ba maana.”

Koti! Watoto wanne wanakula kutoka shamba lile, naye aliona koti. Lakini si hilo linaloniliza. Jumapili, nilipomwita Papa Bahati mwizi, mume wangu alikuwa amesimama kando yangu, akitazama viatu vyake. Nilidhani ananionea huruma.

Nilishuku kila mtu: mpimaji, kapita, jirani, hata maziwa. Mtu mmoja tu sikumshuku, naye ndiye ninayempakulia chakula.

Sasa kijiti kikavu kiko hapa mezani, kando ya kaye hii ninayoandikia. Wapimaji wanarudi Ijumaa. Ningeweza kukichoma nacho. Nimelifikiria jambo hilo tangu mvua ianze, nakiri. Bomba lenyewe labda halitafika kamwe, na tutaendelea kubeba kuni huku tukinyimwa ardhi kwa ajili ya moto wa watu wengine. Lakini shimo lile liko kwa Papa Bahati, na kila anayepita pale anakumbuka nilichosema.

Kesho, jua likiwa juu, Papa Veronika atakibeba kijiti hiki mkononi, kwa njia ya kanisa, watu wakiona. Atakirudisha alikokitoa na kusema kwa mdomo wake alichofanya. Mimi nitamfuata na kibuyu cha mke wa Papa Bahati, ambacho sijakirudisha hadi leo. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, kwa hiyo nimekijaza maharagwe ya shamba lile.

Nitawatazama usoni na kuomba radhi. Kisha sijui. Na wao wakiyamwaga?