Kasiani alivyonichoma kwa wapekuzi

Jilala, basi limeshatoka Tunduma, nakuja Kamsamba kuchukua godoro langu lililo kwako.

Kasiani kanichoma! Ile kazi ya kulinda ghala la serikali tuliiomba wote wawili. Juzi wapekuzi, wale maafisa wanaochunguza waombaji wa kazi, walifika kwake kuuliza habari zangu, nami nipo palepale. Eti, "Huyu mzee alikuwa anavuta bangi." Kasiani huyo!

Nikasema, "Kweli afande, zamani nilivuta. Aliyekuwa ananisokotea ni yeye."

Akaapa hajawahi hata kuinusa. Hata kuinusa, Jilala!

Mkewe akaangua kicheko: "Baba Brian, na shuka letu la harusi ulilolitoboa kwa msokoto je?"

Afande akafunga faili. "Bangi ya zamani tungeipima. Uongo wa leo, hapana."

Nilicheka mbele ya Kasiani makusudi.

Kasiani kaondolewa kwenye orodha ya waombaji. Mkewe kafokewa, kaenda kwa dada yake huko Ihanda. Mimi naanza kazi Jumatatu.