Kwa Baba Yetu Ephantus Wahome, Shabiki wa Safu ya Tatu

Mwaka umetimia wiki hii, Baba, tangu ulipoketi juu ya gunia la mbolea dukani kwako Turbo, ukamwambia jirani unapumzika kidogo, na hukuinuka tena. Daktari alisema ni presha. Sisi hatukujua hata kama una presha, maana mtu anayeimba kutoka asubuhi hadi jioni nani angemdhania mgonjwa?

Mimi Janice, kifungua mimba wako, ndiye niliyepewa kalamu. Zachariah ameniambia niandike kwa kifupi, ati jarida la kanisa si shamba la baba yangu. Mercy amesema niandike yote. Unajua mwenyewe nitamsikiliza nani.

Wakulima wa Turbo na Sugoi wanakukumbuka kwa mbegu. Hukumwuzia mtu kitu kabla hujamhoji kama polisi: shamba liko wapi, udongo ni wa rangi gani, mwaka jana alipanda nini. Mzee Kipngetich wa Sugoi bado anasimulia vile ulivyomrudisha nyumbani mikono mitupu mara mbili, ukimwambia mawingu yale ni ya kudanganya watu, angoje. Alikasirika, akasema utakufa maskini. Majirani zake waliokimbilia kupanda wakapanda mara ya pili, yeye akapanda mara moja tu. Kwenye mazishi yako alisimama atoe ushuhuda, akashindwa, akakaa.

Nyumbani uliamka kabla ya kila mtu, ukachemsha chai mwenyewe, tangawizi nyingi mpaka Mercy anatoa machozi, kisha ukampelekea Mama kikombe kitandani. Miaka thelathini na minne. Wanaume wa rika lako walikucheka, nawe ukawaambia wajaribu siku moja waone kama mkono utakatika.

Lakini wengi watakaosoma hapa wanakujua kwa jambo lingine. Wanakujua kwa ule mchezo wa nyimbo, Mvua ya Machi, uliokuwa ukichezwa Jumapili alasiri kwenye holi ya kanisa hapa Eldoret. Kwa asiyeuona, ni hadithi ya mkulima na mkewe wanaongoja mvua iliyochelewa, na kila kitu wanaambiana kwa kuimba, hata wakigombana. Diana Jemutai ndiye mke, Kituyi ndiye mume. Mara ya kwanza ulienda kwa kuburutwa na Mama. Ulisema mtu mzima hawezi kukaa saa mbili akiangalia watu wakijifanya wakulima, na wakulima wenyewe anawaona dukani kila siku.

Ukarudi kimya. Jumapili iliyofuata wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu. Ukaenda mara kumi na moja, Baba, na kila mara kiti ni kilekile, safu ya tatu, pembeni.

Diana ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni, hilo halina ubishi. Wewe ulikuwa unasema sauti yake inapanda kama maziwa jikoni: unaona imefika ukingoni, unanyanyuka kwenye kiti uikimbilie, nayo haimwagiki. Na Kituyi je? Ile besi yake ulisema unaisikia kwanza kwenye benchi unalokalia, halafu ndiyo masikio yanapata habari. Mashabiki walikuwa wamegawanyika kama watu wa mpira, hawa wa Diana, hawa wa Kituyi, na baada ya mchezo mlisimama nje ya holi na baridi ile mkibishana mpaka bawabu anawafukuza. Mwalimu Kiprop aliapa hakuna kama Diana kutoka hapa mpaka Nakuru. Mama Aketch akasema Diana bila Kituyi ni chai bila majani. Wewe ulikataa kuchagua upande. Uliwauliza, kati ya mguu wa kulia na wa kushoto, wao wangekata upi. Na mteja akija dukani kununua dawa ya viwavi, aliondoka na dawa na maagizo ya kufika holini Jumapili.

Sasa tuseme ukweli, maana hata marehemu huambiwa ukweli na watu wake. Ulikuwa na kosa moja. Ulirekodi mchezo wote kwa simu yako, Jumapili baada ya Jumapili, na ndani ya rekodi zile Diana na Kituyi wanasikika kwa mbali, anayesikika vizuri ni wewe. Unaimba. Tena huimbi nao, unawatangulia neno moja, kama mtu anayemkumbusha mtoto shairi alilosahau. Halafu Diana akifika ule wimbo wa mlangoni, anapoimba peke yake akiangalia barabara, wewe unasema kwa sauti, "Mwimbie, mama! Mwimbie!" Jioni ulikuwa unatukusanya sebuleni tusikilize, na sisi tulilalamika kwamba umeharibu. Ulitushangaa. Ulisema wewe husikii kelele yoyote hapo.

Ulipotuacha, Mama alichukua simu yako akaiweka kabatini, kati ya vikombe vya wageni. Kila Jumamosi aliitoa, akaichaji, akairudisha. Hakuifungua hata siku moja. Mercy alipomwomba tusikilize hata wimbo mmoja tu, Mama alisema bado. Tulidhani ni huzuni ya kawaida. Hatukujua kuna jambo linalomla ndani kwa ndani.

Mwezi uliopita Diana na Kituyi walikuja nyumbani. Mama aliwaandalia chapati, na kwa muda mambo yalikuwa ni kicheko tu, maana Kituyi anapenda kula. Kisha wakaeleza shida yao. Wanataka kuurudisha mchezo jukwaani, lakini kwaya karibu yote ni watu wapya. Nyimbo zile hazikuandikwa popote, mwalimu wao alizifundisha kwa mdomo naye sasa amehamia mbali, na kompyuta iliyokuwa na rekodi ya kikundi iliibwa. Mtu mmoja tu Eldoret nzima alikuwa amerekodi mchezo mwanzo hadi mwisho. Walitaka watu wapya wajifunze kutoka kwako, Baba, na wimbo wa mlangoni upelekwe redioni kutangaza mchezo.

Mama alifurahi, nikaona uso wake umefunguka kama zamani. Kisha Kituyi, kijana mwenye adabu zake, akasema kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi juu ya ile sauti nyingine, kuna fundi wa studio mjini anaweza kuitoa yote, abaki Diana peke yake.

Mama aliweka kikombe chini. Aliinuka akaenda kabatini, akaishika simu yako kwa mikono miwili, akasimama hapohapo na mgongo kwetu. Sote tulielewa. Mwaka mzima anailinda ile sauti, na sasa watu wamekuja kuomba ruhusa ya kuifuta.

Hapo mimi nikajitia hodari. Nilitaka kumwokoa Mama, nikasema fundi hana haja ya kugusa kitu, iko rekodi moja ambayo Baba haimbi kabisa. Ile ya mwisho, ambayo hakutukusanya tuisikilize, aliniambia tu kwamba siku hiyo hakuimba. Wapewe hiyo, zile nyingine zibaki kwetu. Nilijiona nina akili nyingi sana.

Diana akasema anaikumbuka siku ile. Alisema alipofika kwenye wimbo wa mlangoni alingoja sauti yako na haikuja, akaimba mpaka mwisho bila raha, na nyuma ya pazia akamwuliza Kituyi kama Mzee Wahome ni mgonjwa. "Tulizoea kuimbia kile kiti," alisema. "Siku ile tuliona kama kiti ni tupu."

Ndipo Mama akageuka, na alikuwa analia. "Hakuwa mgonjwa," alisema. "Mimi ndiye nilimnyamazisha."

Akatueleza, Baba, jambo ambalo hukuwahi kutuambia. Siku ile, Jumapili ya mwisho ya mchezo, shangazi Waiyego alikuwa amekuja kutoka Timboroa na akina mama wa kanisa lake, wote na vilemba vya kupigwa pasi. Unajua vile Mama anavyomwogopa shangazi, hata ugali akimpikia anaukanda mara mbili. Mlipokaa tu alikufinya paja akakwambia leo tafadhali usiniaibishe mbele ya dada yako. Nawe ulinyamaza mchezo mzima. Mkarudi nyumbani, na njiani hukusema kitu, ulikuwa unaangalia nje ya dirisha. Mama akajiambia umekasirika, atakuomba radhi ukipoa. Kesho ikaja na kazi zake, kesho kutwa vilevile. Baada ya wiki tatu ndiyo hiyo siku ya dukani.

"Mara ya mwisho alisikia hizo nyimbo," Mama alisema, "na mimi nilimziba mdomo. Ulimi hauna mfupa. Sijui kama alienda na kinyongo, na sina wa kumwuliza."

Mercy alimshika mkono. Kituyi aliangalia viatu vyake, mtu mzima mwenye besi ya kutikisa benchi. Ni Diana aliyeomba, kwa heshima sana, kama Mama anaweza kuwaruhusu waisikilize hiyo rekodi pamoja naye, na akiona ni nzito waizime. Mama aliwaza, akampa Zachariah simu.

Zachariah aliisimamisha ndani ya bilauri ili sauti ipate nguvu. Tukasikiliza. Ni kweli, ni safi. Nilimsikia Diana vizuri kwa mara ya kwanza, na nikaona ulikuwa na haki ya kuwasumbua wateja. Wimbo wa mlangoni ulianza, akapanda, akapanda, na pale tulipozoea kusikia "Mwimbie, mama" palikuwa na pumzi tu. Pumzi zako, Baba. Mtu anayeshika simu karibu na kifua anasikika akipumua. Ulikuwa unavuta pumzi kila Diana alipovuta, unaiachia anapoiachia, ukaenda naye hivyo mpaka mwisho wa wimbo bila kutoa sauti. Mama alifunika uso kwa leso.

Mchezo ukaisha. Holi ikapasuka kwa makofi, na Zachariah akanyoosha mkono azime. Mama akamwambia ngoja.

Ndani ya makofi yale ulikuwa unaongea. Ulikuwa umeinamisha kichwa, nafikiri, kwa sababu sauti ilikuwa karibu sana na simu, sauti yako ileile, ile ya asubuhi ya kuuliza kama chai imekolea. Ulikuwa unacheka kidogo, na ulikuwa na majivuno ya mtoto aliyemaliza uji wake.

"Mama Janice," ulisema, "umeona vile nimenyamaza?"

Basi. Makofi yakaendelea, na kwa upande mwingine anasikika shangazi Waiyego akiuliza choo kiko wapi na Mama akimwelekeza. Hakukusikia, Baba. Ulimwuliza naye hakukusikia, na wewe hukuuliza tena.

Mama alimwambia Zachariah arudishe. Akarudisha. Akamwambia arudishe tena, mara ya tatu, ya nne, na sasa alikuwa analia na kucheka pamoja, na sisi sote tukafuata, hata Kituyi. Hukuwa na kinyongo. Ulikuwa unangoja kusifiwa. Kisha Mama aliitoa simu kwenye bilauri, akaisogeza mdomoni vile watu huongea na mtu aliye mbali.

"Niliona," alisema. "Ulinyamaza vizuri sana, Baba Janice. Nisamehe."

Halafu akajipangusa, akawa Mama yetu tena, akawageukia wageni na kuwaambia hii safi haitoki kabatini kwake, ni yake. Wao wachukue ile ya Jumapili ya Pasaka, ambayo umeimba kutoka mwanzo hadi mwisho, na redioni waipeleke ilivyo. Fundi asiguse hata neno. Kituyi alijaribu kusema watu wapya wa kwaya watachanganyikiwa kwa vile unavyotangulia. Mama akamwuliza kama chapati ilikuwa tamu. Kituyi akasema sawa, Mama.

Kwa hiyo, ndugu na marafiki, mkisikia redioni wiki hii Diana Jemutai akiimba wimbo wa mlangoni na mzee fulani akimhimiza, huyo ni Baba yetu. Jumapili baada ya ibada tutakuwa na maombi nyumbani, kisha alasiri sote twende holini, mchezo unarudi jukwaani.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mkeo Warigia. Wanao Janice, Zachariah na Mercy. Dada yako Waiyego wa Timboroa, ambaye ametuma ujumbe kwamba yeye hakuwahi kuaibika hata siku moja, angekuwa na sauti angeimba pia. Mzee Kipngetich na wakulima wa Sugoi na Turbo. Mwalimu Kiprop, Mama Aketch na mashabiki wote wa pale nje ya holi. Na Diana na Kituyi, ambao wameomba majina yao yawekwe pamoja na ya jamaa.

Hatutakusahau, Baba. Na katika nyumba hii hakuna atakayekunyamazisha tena.