Kumpendekeza Tingatinga

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imepumzika, nyumba yetu bado. Mume wangu hanisemeshi tangu Ijumaa, ukiondoa "chumvi" na "asante". Naujua mnuno wake. Siku ya kwanza hununa kama mtoto, ya pili kama mtu mzima, baada ya hapo hununa kama mkuu wa shule, na ndiye mkuu wa shule yetu. Leo asubuhi kavaa tai mezani. Basi nikajua: nimeamka na Mkuu, si na Baba watoto.

Chanzo ni Tingatinga. Msichana wa kidato cha mwisho, mwenyekiti wa wanafunzi na kiongozi wa klabu ya kujitolea ambayo mimi ndiye mlezi wake. Jina kapewa na wenzake. Akianza kusukuma jambo, ama usogee ama usukumwe nalo.

Ijumaa paa la zahanati iliyo ng'ambo ya uzio wetu liliachia. Wodi ya wazazi ikajaa maji. Tingatinga na kundi lake walikuwa pale, zamu yao ya kupiga deki. Akapiga simu ofisini kuomba ukumbi wa shule — haikupokelewa. Akapiga tena. Kimya. Akachukua jiwe, akavunja kufuli. Wakahamisha akina mama na vichanga vyao kwa machela, kwa magodoro, na mmoja kwa toroli la bustani!

Sasa Mkuu alikuwa wapi? Anawatembeza wajumbe wa bodi. Kituo cha mwisho: ukumbi, uliopakwa rangi juzijuzi tu. Kafungua mlango kwa mbwembwe zote. Nepi zimeanikwa kwenye kamba ya pazia la jukwaa. Mama mmoja kajikalia kwenye kiti cha mgeni rasmi, ananyonyesha.

Mwenyekiti wa bodi akageuka polepole, akauliza: hivi hapa mkuu ni nani?

Mimi, niliyekuwa nimewafuata nyuma, nilicheka. Kicheko kilinitoka tu, kama chafya. Mume wangu akaniangalia — na hapo ndipo mnuno ulipoanza.

Jumanne, 5 Machi

Barua imeingia kutoka ofisi ya elimu. Wanatafuta vijana wanaojitolea kwa jamii, kila shule ipendekeze mmoja. Mwaka mzima wa mafunzo ya uongozi, kisha chuo, kila kitu kimelipiwa. Mlezi aandike, mkuu asaini. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni.

Nilihisi nimepewa mimi! Mama yake ni fundi cherehani, anawalea watatu peke yake. Bila mlango kama huu, huyo mtoto chuo atakisikia redioni.

Nikamfuata Mkuu jikoni na barua. Akaisoma yote, akaikunja, akairudisha. Hapana. Mtu aliyemvua uenyekiti jana hawezi kumpendekeza leo. (Kamvua! Nilikuwa sijui.) Nipendekeze yule kijana mpole anayepiga kengele.

Nikamwambia kijana wa kengele ni mpole kwa sababu amelala. Hajawahi kujitolea hata kufuta ubao.

Akaniambia, kwa ile sauti ya mstarini: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu asiyepokea simu, yeye huvunjika nini?"

Chai yake ikabaki mezani. Nimeinywa mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeandika barua mara nne, nimechana mara nne. Kila nikianza kalamu inakwenda kwenye maneno ya mazishi. Mwadilifu. Mchapakazi. Mnyenyekevu.

Mnyenyekevu! Tingatinga! Mwezi uliopita alinirudishia tambara mara mbili nilikamue upya. "Bado linachuruzika, mwalimu." Mimi, mlezi wake.

Baada ya vipindi nikaenda zahanati nimtazame akiwa kazini, labda nipate maneno. Akina mama wamerudi wodini, upande usiovuja. Amevuliwa uenyekiti — wala huwezi kujua. Anagawa kazi vilevile. Wewe madirisha, wewe ndoo, ninyi wawili mashuka. Vyoo hajampa mtu. Nikamuuliza muuguzi mkuu kama leo ni zamu yake ya vyoo. Muuguzi akacheka: vyoo ni vyake kila wiki, tangu waanze kuja. Aliwahi kumuuliza kwa nini. Alijibiwa kwamba ukimpa mtu choo siku ya kwanza, siku ya pili harudi.

Nikamkuta huko, kakunja sketi, anasugua na kuimba vibaya. Kuimba hakujaliwa, lazima niseme.

Nikamuuliza kama anajutia. Akafikiri kweli, ufagio mkononi. Akasema anajutia kufuli. Lilikuwa zuri.

Ijumaa, 8 Machi

Leo kaja mama yake, futi ya kupimia nguo bado shingoni. Kasikia habari za barua, ila mwanawe hajamwambia. Nikadhani kaja kuniomba nimsifu. Wapi!

"Mwandikie, mwalimu, nitashukuru. Lakini andika na ukweli. Huyu nyumbani haoshi hata kijiko. Anaosha sakafu za watu huko, akirudi anajitupa kitandani na viatu. Wadogo zake ndio wanapika."

Nikamwambia hayo siwezi kuyaandika.

"Basi andika kwamba mama yake kasema."

Tukacheka wote wawili. Kisha akawa anaizungusha ile futi kidoleni. Akasema jambo moja ambalo sitalisahau upesi: kwamba mwanawe akiwa hayupo nyumba inapumua, lakini akikawia kurudi hakuna anayeweza kula. Hajui ataishije mwaka mzima. Lakini aende. Aende tu!

Mlangoni akageuka: Mkuu yeye anasemaje?

Nikamwambia Mkuu anatafakari. Mungu anisamehe.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya vituko!

Baada ya chakula cha mchana hodi mlangoni. Tingatinga, sare imepigwa pasi, bahasha mkononi. Mume wangu alikuwa anaosha vyombo — ndiyo, Mkuu huosha vyombo Jumapili, ni makubaliano yetu ya tangu uchumba — amejifunga aproni yangu yenye maua. Hakupata pa kujificha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akasema, mapovu mpaka viwikoni.

Msichana kasema amekuja kuomba msamaha. Mume wangu akajikausha mikono taratibu, akakaa, akawa mtu mkubwa. Nikaona anaanza kulainika. Nikaenda kumimina chai nikiomba Mungu kimoyomoyo.

Kutoka kwenye bahasha likatoka kufuli jipya. Zito, la shaba. Anaomba radhi kwa lile alilolivunja.

"Vizuri," Mkuu akasema. "Na kwa ukumbi?"

"Kwa ukumbi siombi, mwalimu. Mvua ikirudi nitaufungua tena. Ndiyo maana nimelinunua hili, lina funguo tatu. Mbili zako, na moja..." akaifungua ngumi, "naomba nibaki nayo mimi, ili nisivunje tena."

Chai ilimpalia! Akakohoa mpaka macho yakamtoka, mimi nampiga mgongoni, Tingatinga kakimbilia maji. Alipopata pumzi alisimama, na aproni yake, akatoa hotuba. Kwamba uongozi si ubabe. Kwamba kama mtu ana uchungu na paa la zahanati basi atengeneze paa, asivunje makufuli ya watu!

Tingatinga alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Akasema: "Sawa, mwalimu." Akaaga. Ufunguo wa tatu kauacha mezani, na hakuukodolea macho.

Niliposema "maskini", Mkuu akasema: maskini nani? Yule? Yule ni wa kuwaonea maskini wengine huruma tu, yeye mwenyewe hahurumiki. Lakini alisema kwa sauti nyingine. Karibu ya kusifu.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi, nampigia shati pasi, amesimama kwa fulana anasubiri. Bila kuulizwa akaanza kuongea. Maneno yote aliyoyafungia wiki nzima.

"Unajua kilichoniuma? Nepi hazikuniuma. Hata rangi ya ukuta haikuniuma. Mwenyekiti alipouliza mkuu ni nani, wale akina mama wote walimtazama yule msichana."

Nikasema wale ni wagonjwa, hawakujua nani ni nani.

"Na wewe," akasema. "Na wewe ulimtazama yeye."

Pasi ikabaki hewani. Ni kweli. Nilimtazama yeye.

Nikamkabidhi shati. Akalivaa, akafunga vifungo mwenyewe, kimoja akakikosea. Nikakirekebisha. Mwaka kesho anastaafu, huyu mtu. Amejenga shule ile kuanzia madarasa mawili. Madawati ya kwanza alichonga mwenyewe, maana aliingia ualimu akifundisha useremala. Nani anakumbuka? Wote tunamwona na tai tu.

Nilitaka kumwambia haya yote. Badala yake nikasema: usichelewe.

Jumanne, 12 Machi

Barua nimeiandika, kwa pigo moja, wakati wanafunzi wanafanya jaribio la kemia. Nanakili hapa kipande, nisije nikakisahau:

"Sitasema ni mnyenyekevu, kwa sababu sivyo. Mkimchukua atawachosha. Atawauliza maswali kabla hamjakaa, na mkimjibu vibaya atauliza tena. Kazi ngumu kuliko zote huichukua yeye, na hasemi. Kosa lake kubwa ni kudhani kila mtu ana moyo kama wake. Akigundua sivyo, haamini, humsukuma tena. Mimi nimesukumwa naye miaka mitatu na nimefika mahali ambapo nisingefika kwa miguu yangu."

Nimeiweka kwenye meza ya Mkuu, juu kabisa.

Jioni nimeikuta palepale. Haina saini. Lakini imesomwa. Ina alama ya kikombe.

Jumatano, 13 Machi

Sikuwepo, kanisimulia katibu muhtasi, na katibu muhtasi haongezi chumvi, anajaza gunia zima. Lakini naamini.

Tingatinga kabisha hodi ofisini saa ya mapumziko. "Mwalimu, Jumapili ulisema nitengeneze paa. Kuna mabati yaliyobaki kwenye bweni jipya, yako stoo. Muuguzi mkuu amekubali. Misumari tumechangishana. Naomba ruhusa."

Naomba ruhusa! Katibu anasema Mkuu alikaa kama mtu aliyefungwa goli na beki wake mwenyewe. Akatafuta pa kutokea. Nani atapanda? Wanafunzi ni marufuku kupanda paa, mtoto wa mtu akianguka je? Fundi yuko wapi?

Msichana akasema fundi hawana. Ila wamesikia, kwa mama yake, kwamba madawati ya darasa la kwanza kabisa yalichongwa na mtu fulani, na mpaka leo hayatingishiki.

Akasema hivyo tu, akasubiri.

Mume wangu usiku huu kalala mapema. Lakini chini ya kitanda nimeona sanduku lake la vifaa limevutwa, na vumbi limefutwa.

Ijumaa, 15 Machi

Saa nane na nusu. Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati, daftari juu ya goti. Barua ninayo mkobani. Haijasainiwa! Saa kumi ofisi ya elimu inafunga, na kufika huko si chini ya nusu saa.

Asubuhi aliondoka kabla sijaamka. Shuleni hayupo. Simu yake inaita kwenye droo. Nimemtafuta stoo, ukumbini, mpaka kwa mpiga kengele, ambaye kwa mara ya kwanza yuko macho: "Mkuu yuko juu, mwalimu." Juu wapi? Akanyoosha kidole ng'ambo ya uzio.

Na kweli yuko juu. Kwenye paa la zahanati, ndani ya overoli ya zamani iliyogoma kufunga tumboni, misumari mdomoni. Chini klabu nzima inapitisha mabati mkono kwa mkono. Tingatinga kasimama kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaongoza.

"Kushoto kidogo, mwalimu! Kushoto! Hapo. Shika hapo!"

Na yeye anashika. Akina mama wamejazana dirishani na watoto wao, wanamtazama. Yeye. Safari hii wote yeye. Na mimi — namtazama mpaka macho yananiuma kwa mwanga wa bati. Sikumbuki lini nilimwona akipiga nyundo. Hapotezi hata pigo moja.

Nimemwita kutoka chini. Barua! Saa!

Akatoa misumari mdomoni. "Nitasaini nikishuka."

"Basi shuka!"

"Huyu mtoto hajaniruhusu."

Watu wote wakaangua kicheko. Tingatinga peke yake hakucheka. Hajui barua ni ya nini, sijamwambia bado kwamba hatima yake imo kwenye mkoba wangu. Ameangalia mawingu, yamejikusanya meusi nyuma ya tangi la maji, akasema bado kona moja, mwalimu, kona moja tu, mvua isitukute.

Saa tisa kasoro kumi. Tone la kwanza limeangukia ukurasa huu.

Sasa mume wangu kapiga magoti pembeni mwa paa, kaninyooshea mkono, ananiita kwa jina alilokuwa akiniita enzi za uchumba, mbele ya wanafunzi! Lete, anasema, lete upesi. Kwa huu upepo sisikii kama anataka misumari au barua. Muuguzi ananishikia ngazi. Napanda na vyote viwili, kalamu naiweka sikioni, asaini hukohuko juu.