Karavani ya Papa Kazadi Haikuibwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Jette, Brussels
Alhamisi, tarehe 18 Agosti 2016

Jina: Felisia Laurean Byabato
Umri: miaka 39
Uraia: Mtanzania
Kazi: mtaalamu wa maabara, hospitalini
Makazi: Jette, ghorofa ya pili, juu ya nyumba ya mlalamikaji
Lugha aliyochagua shahidi: Kiswahili, kupitia mkalimani wa kiapo, Bw. Rahim Sefu

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa hiari yangu. Nimeelezwa kwamba maneno yangu yanaweza kutumika mahakamani, na nimeelewa.

Ninamfahamu mlalamikaji, Bw. Jean-Baptiste Kazadi, kwa miaka saba. Sisi wapangaji wa juu tunamwita Papa Kazadi. Yeye na mkewe, Maman Marie-Jeanne, walitoka Lubumbashi zamani na wote wawili sasa wamestaafu. Watoto wao ni wakubwa na wanaishi mbali. Hata hivyo nyumba yao haijawahi kuwa tupu tangu nihamie. Ndugu akitoka Kongo anafikia kwao. Mwanafunzi akikosa chumba anafikia kwao. Papa Kazadi hajui kumwambia mtu hapana. Asubuhi nikishuka kwenda kazini hukuta viatu vya wageni vimejaa kwenye ngazi, na magodoro yameegemezwa ukutani.

Mwaka 2013 Papa Kazadi alinunua karavani ndogo ya kukunja. Ikifungwa ni kama sanduku kubwa lenye magurudumu, na inaingia gereji bila shida. Ikifunguliwa, mbao mbili za paa zinasimama na kukutana juu kama herufi A, na ndani kuna vitanda viwili, meza na jiko la gesi. Kiangazi cha kwanza walikwenda nayo Ardennes, kwenye misitu ya kusini, wakarudi wakicheka. Cha pili Papa Kazadi alirudi na maumivu ya shingo. Yeye ni mtu mrefu, na mle ndani mtu mrefu anasimama wima katikati tu. Cha tatu hawakwenda.

Mnamo Jumapili tarehe 7 Agosti 2016, mchana, Papa Kazadi alinigongea mlango. Alisema amepata mteja wa karavani, Mtanzania mwenzangu, na akaniomba nishuke nisalimiane naye. Huyo mteja ni Bw. Mudathir, mwenye duka la kutengeneza simu mtaa wa Molenbeek. Alikuja na mkewe, Bi. Rukiya. Sikuwa nikiwajua kabla ya siku hiyo.

Papa Kazadi aliivuta karavani hadi uani, akanyanyua ubao mmoja wa paa, kisha wa pili. Mudathir alishangaa.

"Imekwisha? Hivyo tu?"

"Njo hivyo. Hema utapigana nayo na mvua inakunyesha. Hii, unafungua, unaingia, unapika chai."

Maman Marie-Jeanne alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alisema, "Muambie na siku ya upepo. Kama kuko upepo, ile paa inakuwa sawa bawa ya ndege. Inaomba bantu babili kushika."

Papa Kazadi alikubali kwamba ni kweli. Mudathir alisema upepo si tatizo, kwa sababu yeye na mkewe ni wawili. Alipenda kwamba karavani ni nyepesi na gari lake dogo litaivuta. Alipenda pia kuta zake ngumu, maana katika hema Rukiya hapati usingizi kwa kuogopa wanyama. Rukiya aliingia ndani, akasimama katikati, kisha akasogea pembeni na kugonga kichwa.

"Ona," Maman alisema. "Kila siku utajigonga. Na choo, muulize choo iko wapi."

"Choo iko ya camping, ya bantu bote, Maman," Papa Kazadi alijibu.

"Na usiku, na mvua, na mutoto analia?"

"C'est vrai, ni kweli," Papa Kazadi alimwambia mteja. "Siwezi kukuficha. Haina choo."

Rukiya aliuliza watoto wao wawili watalala wapi. Papa Kazadi alianza kueleza kwamba meza inaweza kushushwa ikawa kitanda. Maman alimkatiza.

"Bantu babili. Wa tatu hana nafasi, hata ukimukunja."

Papa Kazadi alicheka. "Maman, uko unauzisha ao uko unafukuza?"

Sote tulicheka, isipokuwa Maman. Wakati ule nilifikiri kwamba hapendi uongo katika biashara. Mudathir alisema atafikiri na kupiga simu. Kabla hawajaondoka, Papa Kazadi aliirudisha karavani gereji na kutundika ufunguo kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa uani. Mudathir alikuwapo na aliona. Na mimi niliona.

Jioni hiyo Papa Kazadi aliniambia sababu ya kuuza. Mpwa wake anakuja na mke na watoto, na gereji itafanywa chumba chao.

Mnamo Alhamisi tarehe 11 Agosti nilikuwa mapumzikoni nyumbani. Yapata saa nne asubuhi nilisikia mlango wa gereji. Nilichungulia dirishani nikamwona Maman Marie-Jeanne peke yake, anajaribu kuifunga karavani nyuma ya gari lao. Papa Kazadi alikuwa amekwenda kumwona daktari wa goti. Nilishuka kumsaidia. Nilifikiri anampelekea Mudathir.

Tuliiunga pamoja. Yeye alichomeka waya wa taa na kuniomba nisimame nyuma nione kama taa za breki zinawaka. Zilikuwa zinawaka. Nilimuuliza, "Maman, tayari imeuzwa?"

Alijibu, "Hapana. Mimi njo ninaenda nayo."

Nilimuuliza anakwenda wapi. Alinitajia kambi moja kule Ardennes, kando ya mto. Alisema amemwambia mumewe kwamba anakwenda na gari kwenye mafungo ya akina mama wa parokia. Kisha akanishika mkono. Maneno yake ninayakumbuka vizuri, kwa hiyo naomba yaandikwe kama alivyoyasema.

"Felisia, mutoto wangu. Depuis niko na douze ans, miaka kumi na mbili, siyalala hata siku moja mu nafasi yangu mimi peke. Kwetu tulikuwa wengi. Nikaolewa, bandugu yake bote balikuwa kwetu. Huku Ulaya, ni vilevile. Kila asubuhi ninaruka miguu ya bantu benye banalala mu salon. Mu hii kanyumba banalala bantu babili tu. Nikienda peke, ni muntu moya. Hakuna atakayegonga."

Nilimuuliza kwa nini hamwambii mumewe. Alisema alimwambia mara nyingi, na kila mara Papa Kazadi alimjibu vizuri sana, akamletea chai, na wiki iliyofuata akaja mgeni mwingine. Alisema si mtu mbaya. Aliniomba nisimwambie yeyote mpaka arudi. Nilikubali. Aliondoka polepole, akakunja kona bila kugusa ukingo wa barabara.

Nilipoulizwa na Inspekta kama sikuona kwamba ninashiriki wizi, nilijibu kwamba sikuona hivyo. Karavani ni yao wote wawili, na mimi niliona ni jambo la mke na mume. Sikutaka kuingia kati yao.

Jumamosi tarehe 13 Agosti, Papa Kazadi alifungua gereji na kukuta hamna kitu. Hayo sikuyaona, aliniambia baadaye. Mudathir alikuwa amempigia simu Ijumaa kusema hanunui, kwa kuwa Rukiya hataki. Papa Kazadi aliunganisha mambo hayo mawili akaja kituoni. Alimpigia mkewe, simu ilikuwa imezimwa, akadhani ni kwa ajili ya mafungo. Mimi wikiendi hiyo nilikuwa zamu hospitalini na sikuonana naye.

Jumanne tarehe 16 Agosti, jioni, Rukiya alinipigia simu. Tulikuwa tumepeana namba siku ile ya uani.

"Dada Felisia, samahani kukusumbua. Mudathir ameitwa polisi kwa ajili ya ile karavani."

Aliendelea kwa sauti ya chini. Alisema gari la polisi lilisimama mbele ya duka, majirani wakatoka kuangalia. Waliongea naye kwa heshima na jioni alirudi nyumbani. Lakini tangu arudi hajala. "Unajua tangu yale mashambulizi ya mabomu ya Machi mtaa wetu unavyotazamwa," alisema. "Mtu akiona polisi mlangoni kwetu hafikirii karavani. Leo kuna mteja amekuja kuchukua simu yake kabla haijatengenezwa."

Nilimwambia, "Rukiya, mumeo hakuiba. Nipe muda hadi kesho."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kumemfikia mtu asiyehusika. Simu ya Maman ilikuwa bado imezimwa. Jumatano tarehe 17 asubuhi nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikaendesha gari hadi kambini.

Nilimkuta Maman Marie-Jeanne ameketi nje ya karavani kwenye kiti cha turubai, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Kusema kweli, sikumtambua mara moja. Uso wake ulikuwa umelainika. Alifurahi kuniona na akanipa chai. Aliniambia anaamka saa mbili au hata saa tatu, na hakuna anayemuuliza sukari iko wapi. Alisema karavani hiyo imetengenezwa kwa mtu wa kimo chake, kwa sababu hata pembeni hajigongi. Usiku wa kwanza alifunga mlango kwa ndani, akaufungua, akaufunga tena, ili ausikie tu.

Nilimwacha amalize. Kisha nikamweleza habari za Mudathir.

Alitoa miguu kwenye maji. "Banamuita polisi? Ule bwana ya Rukiya? Juu yangu mimi?"

"Ndiyo, Maman."

Aliingia ndani akaiwasha simu yake. Kabla ya mtu mwingine yeyote alimpigia Mudathir. Nilisikia upande wake tu. "Mwanangu, ni Maman Marie-Jeanne. Mi njo niliibeba. Unisamehe." Alirudia hivyo mara kadhaa, halafu akasikiliza, akisema "ndiyo, ndiyo".

Upepo ulikuwa umeanza. Alikuwa tayari kukunja karavani na kurudi nami saa ile ile, na ameshaanza kuvua shuka kitandani. Tulishika mbao za paa, yeye upande mmoja na mimi mwingine, na kwa kweli upepo uliuvuta ule wa kwangu hadi nikaogopa. Hapo nilimwambia asubiri. Nilimwambia kwamba mimi nilikuwapo, niliona kila kitu, na naweza kuyaeleza polisi mwenyewe. Alisimama huku ameshika ubao. Kisha akauacha ukae mahali pake, akaufunga kwa kulabu zake.

Alisema, "Bon. Basi sema yote kwa polisi, hata jina ya camping, sitaki kufichwa sawa muntu wa mbaya. Lakini kwa Papa, usimuambie nafasi kwenye niko. Muambie tu siko namukimbia yeye. Niko nakimbia matelas, ile magodoro yote."

Nilirudi Brussels na kumkuta Papa Kazadi nyumbani. Sebuleni kulikuwa na wageni wanatazama mpira, kwa hiyo aliniingiza gereji. Tayari kulikuwa na vitanda vya chuma vya familia ya mpwa wake, bado havijaungwa. Aliketi juu ya godoro lililokuwa bado ndani ya nailoni, nikamweleza.

Kwanza alisema, "Dieu merci, Mungu asante, eko mzima." Kisha akakumbuka siku ile ya uani. "Alikuwa anamufukuza Mudathir!" Alicheka, na katika kucheka machozi yakamtoka. Sikujua niangalie wapi.

"Trente-huit ans," alisema, yaani miaka thelathini na minane ya ndoa yao. "Alikuwa anasema anachoka. Mimi nilifikiri ni kazi. Akaacha kazi, akasema tena anachoka. Nikafikiri ni uzee."

Nilimweleza na habari za Mudathir, jinsi mteja alivyochukua simu yake. Aliuliza kama duka linafunguliwa mapema.

Leo asubuhi alivaa suti anayovaa kanisani, nikampeleka Molenbeek. Dukani kulikuwa na wateja watatu na vijana wamesimama mlangoni. Papa Kazadi hakuomba kusemea pembeni. Alisimama katikati ya duka akasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie:

"Mimi ni Kazadi. Mimi njo niliitia polisi juu ya huyu muntu. Hakuiba kitu. Nilisema jina yake bila kuona, bila kuuliza. Makosa ni yangu."

Mudathir alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka mezani, akamvutia kiti. Papa Kazadi hakukaa. Mudathir alisema, "Asante, Mzee. Nimekusikia, na hawa wamesikia. Sasa twende ukaseme hivyo hivyo kituoni, maana kule ndiko walikoniandika."

Alifunga duka, na tumekuja sote watatu kwa gari langu. Wao wako nje kwenye benchi.

Sina la kuongeza. Nimesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, nimeandika jina la kambi kwenye karatasi ya peke yake, na ninayakubali kuwa ni yangu na ni ya kweli.

(Sahihi) F. L. Byabato

MAELEZO YA AFISA

Nimeyapokea maelezo haya mimi, Inspekta Régine Maes. Bi. Marie-Jeanne amethibitisha kwa simu kwamba karavani iko kwake na kwamba atarudi mwisho wa mwezi. Mali ni ya wanandoa wote wawili. Hakuna kosa la jinai. Bw. Kazadi ameondoa malalamiko yake. Bw. Mudathir amepewa barua inayosema kwamba hatuhumiwi kwa lolote, na ameomba nakala ya pili ya kubandika dukani. Amepewa.

Nilimuuliza Bw. Kazadi kama anataka niombe ruhusa ya mkewe ili nimjulishe mahali alipo. Jibu lake, kama lilivyotafsiriwa na mkalimani: "Hapana. Mke wangu amelala. Mwacheni alale."

Jalada limefungwa.

(Sahihi) R. Maes, Inspekta