Mstari Niliokataa Kuuandika

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Sisimizi, mjukuu wangu,

Pokea salamu za babu yako, ambaye bado anapumua. Hujambo? Unalala? Macho yaliyokuwa yakikuwasha kwa mwanga wa skrini yamepoa? Huku wote hawajambo, isipokuwa mimi, na mimi nimeshazoea kuwa isipokuwa.

Kuna jambo nimelificha. Watu wa nyumba hii wanaamini kwamba kila Jumanne na Alhamisi nilikuwa nikienda kunyooshwa viungo. Mama yako alinikunjia taulo, akalitia kwenye mfuko, akanisindikiza hadi getini. Taulo lile nililikalia tu, maana viti vya pale ni vya plastiki na mimi nimebaki mifupa. Sikunyooshwa chochote. Nilikwenda kujifunza kuandika programu za kompyuta, darasa la wanaoanza, ghorofani juu ya duka la kutengeneza simu.

Usicheke. Au cheka kwanza, kisha uendelee kusoma.

Unakumbuka uliponiandikia kwamba masomo yako ya kompyuta yanakushinda na unataka kuyaacha urudi. Nilikujibu, "Kazi ya kukaa kivulini na kubonyeza vitufe, ugumu wake uko wapi?" Nililiona jibu tamu. Mimi niliyefundisha hesabu hadi chaki ikaniingia mapafuni, nishindwe na hicho? Nikajiambia nitakwenda, nitakijua, kisha nitakusuta kwa ushahidi. Ndiyo, nilikwenda ili nikusute. Haikuwa kiu ya elimu.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa rika lako, tuliyempa jina la Dada Mabano. Kila aliyekwama alimjibu hivyo hivyo, bila kugeuka: "Angalia mabano yako." Na kweli, mabano yalikuwa hayajafungwa. Kompyuta hulalamika kwamba kosa liko mstari wa saba, nawe unausugua wa saba hadi unang'aa, kumbe kosa uliliacha wa sita. Ni kama mguu wangu huu, unaouma kwa ajili ya mgongo.

Siku moja alitupa kazi ya watoto: kompyuta ihesabu moja hadi kumi. Mistari yenyewe alishaiandika ubaoni. Niliinakili yote, ila mmoja.

"Babu, na huu wa kuongeza uko wapi?"

"Nimeukataa."

"Umeukataa?"

"Mwanangu, umeandika x ni sawa na x kuongeza moja. Huo ni uongo. Hakuna namba ya namna hiyo, hapa wala mbinguni."

Darasa zima liligeuka. Yeye akavuta kiti, akakaa, na nikaona naye amechoka.

"Hiyo si hesabu, babu. Ni amri. Unaiambia: chukua kilichomo kisandukuni, ongeza moja, rudisha."

"Basi wangetafuta alama nyingine."

"Waliochagua hawapo hapa niwaulize. Andika tu, babu yangu."

Sikuandika. Nikabonyeza iende. Skrini ikajaa moja, moja, moja, kuanzia juu hadi chini, na haikusimama. Jirani yangu wa meza, fundi cherehani aliyekuja kutafuta kazi ya kupumzisha mgongo, alicheka hadi akalalia kibodi. "Mzee, sindano inapanda inashuka, kitambaa hakisogei!"

Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani mama yako akauliza mazoezi yalikuwaje, nikasema yananivuta sana.

Wiki iliyofuata niliuandika mstari ule, nikiwa nimekunja uso kama mtoto anayemeza dawa, na kompyuta ikahesabu hadi kumi. Nilidhani nimevuka. Kumbe ule ulikuwa mlango tu. Ukaja mwingine, na nyuma yake mwingine, na kila nilichokijua maishani kilikuwa kinanizuia kupita. Mkono wangu unatetemeka, herufi moja huingia mara mbili. Nikiisahihisha, nasahau nilikuwa nataka nini. Uchovu wa jembe unaulalia, asubuhi umeisha. Huu niliamka nao.

Hapo ndipo nilipoelewa barua yako. Nilipaswa kukuandikia siku ile ile. Sikukuandikia.

Badala yake ukapiga simu, Alhamisi, saa ya darasa. Ulisikia kitu kinavuma nyuma yangu, ukauliza ni nini. Nikasema ni mashine tu, niko kwenye mambo yangu ya viungo. Ukasema, "Babu, nimechoka. Ungekuwa wewe, ungeacha?" Nikakujibu, "Mimi? Sijawahi kuacha nilichokianza." Ukasema, "Haya, babu," kwa sauti ya mtu anayejitwisha mzigo upya.

Tangu hapo hujataja tena kurudi. Mama yako amenionyesha picha uliyotuma. Mashavu yameingia ndani. Anasema huli hadi ukumbushwe, na kwamba ukiulizwa kwa nini usipumzike unajibu, "Babu hakuacha." Nimelibeba neno hilo kitandani, nalo ni zito kuliko maradhi.

Daktari amemwita mama yako pembeni. Hawajaniambia walichozungumza, lakini mgonjwa huzisoma nyuso. Wananisemesha kwa upole mno, hata shangazi yako, ambaye upole si fani yake. Kwa hiyo naandika sasa, nikipumzika kila baada ya aya.

Sikuambii acha, wala sikuambii endelea. Huenda kwako mlango ukafunguka. Una macho mazima na akili isiyo na kutu. Ninachotaka ni uamue peke yako, bila mimi kukukalia mgongoni. Ukiendelea, iwe kwa sababu wewe unaitaka kazi hiyo. Ukirudi, usipitie uani kama mwizi. Ingia kwa mlango wa mbele, na atakayekununia mwonyeshe karatasi hii.

Mama yako anakusalimu. Ameanika mashuka na anaimba, dalili kwamba alikuwa analia. Shangazi yako anauliza kama huko baridi imekufundisha kuvaa soksi. Mjomba wako anakusalimu pia, na bado hajarudisha ngazi ya watu. Nisalimie mwenzako wa chumbani anayekukumbusha kula. Mola akupe usingizi, akupe na watu watakaokwambia kweli mapema kuliko nilivyokwambia mimi.

Imebaki moja, na ndiyo iliyonifanya niombe kalamu. Ule mvumo uliousikia kwenye simu ulikuwa mashine ya kinyozi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikaa kwenye benchi lake, taulo mapajani, nikisubiri saa ya darasa ipite ili nirudi nyumbani. Siku uliyoniuliza kama ningeacha, mimi nilikuwa nimeshaacha.

Wako, akupendaye hata pale alipokudanganya,

Babu.