Vyombo vya Mwanahija

Jumanne, 4 Mfungo Tano 1304 Hijria

Daftari la zamani limeungua. Hili amenipa Virji, mwenye duka la nguo mtaa wa pili. Hakutaka malipo.

Niandike kwa utaratibu. Ijumaa iliyopita, wanaume wote tukiwa msikitini, cheche za jiko la jirani zilishika makuti yetu. Imamu alikuwa katika hutuba tuliposikia ukelele. Nilipofika, kuta za mawe zimesimama, ndani moto mtupu. Mwanahija mke wangu alikuwa amekwisha kutoka salama. Akarudi ndani kufuata kasha la marehemu mama yake. Watu walimtoa bila kasha. Mgongo umeungua, na mikono yote miwili.

Tumo chumbani kwa binamu yake, Biubwa. Mkeka mmoja. Analala kifudifudi.

Alhamisi, 6 Mfungo Tano

Virji amenikumbusha bima. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Bima ni mapatano: unalipa kidogo kila mwaka, na vyombo vyako vikiteketea wanakulipa thamani yake. Wako wanaosema haina tofauti na kamari. Nami nilisitasita mwaka juzi, Virji aliponishawishi, maana yeye ni wakala wa watu wa bima wa Bombei. Nikatoa rupia sita, malipo ya miaka mitatu.

Leo nimekumbuka na jambo jingine. Siku ile aliniuliza, "Niandike vyombo vya nani?" Nikajibu, vyangu, Ausi bin Muhidini. Sikufikiri hata kidogo. Jina la mke wangu liende kusomwa na makarani wa Bombei, watu nisiowajua? Haikuwa adabu.

Nimeandika orodha. Kitanda cha mpingo. Makasha mawili ya mvule. Masinia sita ya shaba, sahani za Kichina, vioo, mazulia, furungu za fedha za kuvaa miguuni. Jumla rupia mia tatu na arobaini. Kwa fedha hizo nyumba inaezekwa upya kabla vuli haijakolea, na Mwanahija analala juu ya kitanda.

Jumamosi, 8 Mfungo Tano

Karani wa bima amewasili kutoka Unguja. Kijana mwenye miwani, mpole, Kiswahili chake safi. Alipima kuta kwa kamba, akachokoa majivu kwa fimbo. Akaokota kipande cha sinia na kukifunga katika leso.

Kisha akauliza majirani. Mwinyijuma, rafiki yangu wa miaka yote, alikuwa amekaa barazani kwake. Mtu wa mzaha. Alimwambia karani, mwalimu huyu aliingia nyumba hii na bakora na kitabu kimoja, na kitabu chenyewe cha kuazima. Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu.

Karani hakucheka. Aliandika.

Jumapili, 9 Mfungo Tano

Karani amenipa rupia kumi na moja. Thamani ya kanzu, joho, vitabu vyangu na bakora. Sikuzipokea.

Maelezo yake ni mafupi. Bima ni ya mali ya Ausi. Mtaa mzima umeshuhudia kwamba mali iliyoungua ni ya mkewe.

Ni kweli. Kwetu mwanamume huingia nyumbani kwa mke. Vyombo hununuliwa na mama wa bibi arusi, miaka na miaka, na siku ya arusi hupitishwa mtaani vichwani mwa watu, ngoma mbele, ili kila mmoja aone. Kitanda kile kilibebwa na watu wanne. Mwinyijuma alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo hakuna mtu Bagamoyo asiyejua ni cha nani. Isipokuwa karatasi.

Nilimweleza karani haya yote kwa kirefu, nikafikia na sababu ya kutomtaja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee wangu, nakuelewa. Lakini bibi hayumo."

Jumatano, 12 Mfungo Tano

Jeraha la mgongo limeanza kunuka. Biubwa anafukiza udi.

Karani amenitumia Virji. Meli inaondoka kesho jioni. Nikishika msahafu mbele ya mashahidi wawili na kuapa kwamba kila kilichoandikwa kilikuwa mali yangu, atafuta ushahidi wa mtaani na kulipa zote. Virji alisema, "Mwalimu, neno moja tu, nawe utakwenda kununua dawa."

Nimemsomea Mwanahija orodha. Alinisahihisha. Masinia yalikuwa saba. Kioo kimoja kilikuwa na ufa, nisikihesabu. Nilipomaliza akauliza, "Na mimi niko wapi humo?"

Nikamweleza kiapo.

"Kaape, mume wangu. Mimi nikifa si vitakuwa vyako?"

Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kufafanua. Kwamba hatuna mtoto, hivyo fungu langu ni nusu, na nusu ni ya kaka yake Husseni. Kwamba nikiapa vyote ni vyangu, nimemnyang'anya yeye leo na Husseni kesho. Nilikuwa katika fungu la kaka ndipo nilipoona anatazama ukuta.

"Miaka thelathini unanifundisha," alisema. "Mgongo unaniuma, Ausi."

Hajawahi kuniita kwa jina langu.

Alhamisi, 13 Mfungo Tano

Naandika barazani kwa Virji. Nimetawadha. Mashahidi wamefika: imamu, na Mwinyijuma. Huyu hathubutu kunitazama. Ameniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ukiapa mimi nitanyamaza."

Asubuhi homa imempanda Mwanahija. Aliomba mto wake, ule wa sufi wenye maua mekundu. Biubwa akampa wake. Mwanahija akaugusa kwa shavu, akausukuma kando kwa kichwa.

Nimekuja na orodha mbili. Ya kwanza ni ile ile, ya kuapia. Ya pili nimeiandika baada ya sala ya alfajiri, masinia saba, na mbele ya kila chombo nimeandika Mwanahija binti Dadi. Mara kumi na tisa. Sijawahi kuliandika jina lake. Nikiitoa hii, narudi na rupia kumi na moja.

Wino wa ya pili bado unaacha alama kidoleni.

Dirishani naona Virji ametandika kitambaa cheupe mezani na kuweka msahafu juu yake. Karani anapangusa miwani. Amefungua mlango, anaita jina. Langu.