Yungiyungi Lililooza Nyuma ya Jiko

Jumatano. Mvua ya alasiri imepita, jua limetoka tena, na ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa mtaani Amalemba inanuka. Nimenawa mikono kwa sabuni ya kipande, kisha kwa majivu, kisha kwa ndimu. Bado naisikia harufu chini ya kucha.

Leo nimeling'oa yungiyungi langu.

Nilipewa na Mwanaidi, jirani yangu wa mlango wa pili, mzaliwa wa Mumias. Dada yake ameolewa Kilifi, na Mwanaidi aliporudi kutoka kumtembelea aliniletea tunguu kubwa kama kichwa cha mtoto, limeviringishwa kwenye gunia. Aliniambia kule pwani watu hulipanda uani, na kwamba halichoki kunywa maji, kwa hiyo nilitafutie mahali penye unyevu. Nikalipanda nyuma ya jiko, karibu na ukuta, ambapo udongo haukauki hata Januari.

Likanawiri hadi likanifika kifuani. Majani marefu, mapana, na maua meupe yenye petali nyembamba kama vidole. Jioni lilinukia hadi majirani wakaanza kuleta viti vyao pale nyuma. Wageni walipiga picha nalo. Nami nikavimba kichwa, sifichi.

Wiki hii majani yakageuka manjano na shina likalegea. Nikadhani ni viwavi. Leo nikachukua jembe.

Jembe lilizama lenyewe. Shimo likajaa maji ya kijivu yenye povu. Nilipoingiza mikono kulinyanyua tunguu, likapasuka vidoleni kama parachichi bovu, na ndani funza walikuwa wakijinyonganyonga. Kisha kikaelea kipande cha karatasi ya chooni.

Nikatapika palepale.

Upande wa pili wa ukuta kuna nyumba mpya alizojenga mwenye ploti, Mzee Wesonga. Vyoo vyake vyote vinamwaga kwenye shimo moja la zamani, nalo limejaa likapasuka. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakilinywesha yungiyungi. Na kutoka hapo ardhi inateremka moja kwa moja hadi kisima tunachochota sote siku ambazo mfereji wa maji ya bomba umekauka, yaani siku nyingi.

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alitazama shimo, akatazama kisima, kisha akamtazama Zuhura, kitinda mimba wake, ambaye anaumwa tumbo tangu mvua zianze. Ametibiwa taifodi, akapona, ikarudi. Akatibiwa tena, ikarudi tena.

Nikampigia simu Mzee Wesonga. Alikuja na mwavuli, akasimama mbali, kitambaa puani. Nikamweleza nilichokiona, nikitarajia atashtuka. Hakushtuka.

"Hiyo shimo najua inavujanga," alisema. "Lakini hapo ulikuwa umepanda ua, harufu haisikiki, na hakuna mtu analalamika. Nikaona wacha ikae."

Kumbe ua langu lilikuwa kifuniko cha choo chake.

Mwanaidi aliingia ndani, akatoka na jagi la maji aliyoyachota kisimani asubuhi, na glasi safi juu ya sahani. Akamimina, akapiga goti kidogo, akamnyooshea Mzee kwa mikono miwili.

"Karibu maji, baba. Umetembea."

Maji yalikuwa meupe kabisa. Mzee akasema ametoka kunywa chai. Mwanaidi hakuishusha glasi. Mzee akasema daktari amemkataza maji baridi. Mwanaidi bado ameishika. Wapangaji wengine walikuwa wametoka nje, wakiitazama ile glasi.

Mwishowe Mzee akatoa simu, akaita gari la kunyonya choo. Akatuambia tusichote tena kisimani. Alisema kwa sauti ya mtu anayetufadhili.

Gari limekuja, limenyonya, limeondoka. Ufa wa shimo la choo uko vilevile. Tumekifunika kisima kwa bati na mawe, na Mwanaidi amekinga maji ya mvua, ameyachemsha, sasa anayapoza kwa kuyamimina kutoka kikombe hiki hadi kile, huku Zuhura akimsubiri mdomo wazi.

Nafikiria zile jioni tulizokaa nyuma ya jiko, tukivuta pumzi ndefu na kusema ua linanukia kweli.

Sitapanda kitu pale. Si yungiyungi, si sukuma wiki, hata mbegu ya boga.

Kukipambazuka mimi na Mwanaidi tutapeleka chupa ya maji ya kisima kwa afisa wa afya. Sijui atatuambia nini. Nimeshaijaza, nimeifunga kwa mifuko miwili, na nimeiweka nje ya mlango, kwa sababu siwezi kulala nayo nyumba moja.